Mbona Umesimama?

Lori lilikuwa limeegeshwa uani, boneti juu, fundi kalala chini yake miguu tu inaonekana. Lakini kwenye kompyuta ya ofisini lori hilohilo lilikuwa barabarani, tena linakimbia.

Macho akasonya. Madereva ndio waliompa jina hilo, maana kazi yake ilikuwa kukaa kutwa nzima akitazama vitone vya kijani kwenye skrini. Kila lori lilifichiwa kijidude chini ya dashibodi. Kijidude kinaongea na satelaiti huko juu, satelaiti inaongea na ofisi. Lori likienda, kitone kinaenda. Likisimama, bosi anampokonya Macho simu na kubweka, "Mbona umesimama?" Haulizi umekula, haulizi unaumwa. Hata mtu akijisitiri kichakani, mbona umesimama. Roho ya chuma ile.

"Fundi," Macho aliita dirishani, "hilo lori linatembea?"

"Litembee na mimi chini yake? Si ningeshakuwa karatasi."

Fundi akacheka peke yake. Macho alikuwa anaangalia kitone kimefika kwenye daraja la mto, palepale alipofia Mjomba.

Mjomba hakuwa mjomba wa mtu pale. Alikuwa tu dereva mkubwa kuliko wote, wakamwita hivyo kwa heshima. Safari yake ya mwisho alisimamisha lori kabla ya daraja, kifua kinambana. Bosi akapiga.

"Niache nipumzike kidogo, bosi."

"Utapumzika ukifika. Twende."

Macho alikuwepo, alisikia yote. Mjomba akaenda, akatumbukia mtoni na lori lake. Na hata kabla hajazikwa, jamani, bosi akamtuma fundi akang'oe kijidude kwenye lile lori lililovutwa majini, akianike juani, akifunge kwenye lori jingine. "Si kizima hiki? Cha nini kununua kingine?" Na hilo jingine, hilohilo lililoegeshwa uani, lilikuwa la dereva gani? La mdogo wake Macho, kitindamimba wa mama yao.

Alipokiona kitone pale darajani, Macho alimpigia simu shangazi yake, mama mmoja mfupi anayejua kusema na majini na mapepo. Kesho yake shangazi akaja, lakini akakuta kijana keshaondoka na lori. Bosi kasema kompyuta zina wazimu, mzigo hausubiri.

Ilikuwa mchana, jua la utosi. Shangazi alisimama mlangoni, akanusa.

"Mmeingiza nini humu?" akanong'ona.

Harufu ya tope la mto ndiyo ilikuwa inapanda kutoka chini ya meza, na sakafu ilikuwa kavu.

"Pale darajani pana wenyewe," shangazi akasema. "Jini la maji limekuta mtu amenyimwa kupumzika, likaivaa hasira yake kama shati. Nanyi mmelifunga kwenye gari."

Simu ikalia. Mdogo wake.

"Dada," sauti ndogo, kama anaogopa kusikika, "breki hazishiki. Nikikanyaga, gari linaongeza. Na kiti cha pembeni kimelowa, dada. Kuna mtu anahema."

Macho akatazama skrini na kitone kilikuwa kinaelekea darajani, na kule kuhema akakusikia kwenye simu, kisha kwenye spika za kompyuta, kisha nyuma ya shingo yake mwenyewe, kuzito, kwa majimaji, kama mtu anayevuta pumzi ndani ya mtungi, na tope likamjaa puani mpaka machozi yakamtoka, na kitone bado kinakimbia.

"Halitaki damu," shangazi akasema. "Linataka aliyelikatalia aseme pumzika. Kwa mdomo wake."

"Mimi niombe radhi simu?" bosi akasema kutoka mezani kwake.

Macho akainuka. Miaka yote alikuwa akimeza. Siku hiyo alimkaba bosi kola, akamsukuma ukutani, akambandika simu mdomoni.

"Mama yangu alimzaa yule kwa tabu. Akiingia mtoni, wewe hutoki humu. Sema."

Bosi akasema, meno yamebana. "Pumzika, basi."

Kuhema kukakatika. Kitone kikasimama. "Dada," kijana akalia, "limesimama. Tairi za mbele ziko darajani. Nimeruka, niko chini."

Shangazi alikuwa hata hajashusha pumzi. Bosi kajibwaga kitini, kajifuta jasho, akaivuta simu kama ilivyo tabia yake.

"Haya, umeshapumzika. Twende."

Chumba kizima kikapoa. Shangazi akaokota mkoba wake. "Hapo umelichukua wewe," akamwambia, akatoka.

Simu ya bosi ikaita mfukoni. Wote waliisikia ile sauti ya Mjomba, imejaa maji: "Mbona umesimama?"

Tangu hapo bosi hakai. Anazunguka uani, viatu vimelika upande. Akiegemea ukuta tu, simu inalia. Aliitupa chooni, ikalia ya fundi. Na kwenye skrini kuna kitone kimoja kisicho na gari, kinazunguka, kinazunguka.

Juzi alifika dirishani, midomo imepasuka. "Macho, mwanangu. Niombee kwa shangazi yako nikae kidogo tu."

Macho alimtazama, akavuta pazia.

"Utapumzika ukifika," akasema.