Mabakuli ya Uji na Unga wa Betri

Mtaa mzima wa Igogo ulijua mikono ya Malimi. Donge la udongo likipita mikononi mwake, linatoka chombo. Wiki hiyo alikuwa na kazi ya mabakuli arobaini ya uji, ya chekechea moja kule Ilemela. Watoto wa pale walikuwa wakinywea vikombe vya plastiki vilivyopasuka. Mwalimu alitaka mabakuli ya kahawia, yanayong'aa, kabla shule haijafunguliwa.

Rangi ya kahawia hutoka kwenye unga mwekundu wa chuma. Malimi huuchanganya na unga wa kioo, udongo mweupe na maji. Mchanganyiko huo huitwa glezi. Huchovya chombo humo, hukichoma, na glezi huyeyuka ikawa ngozi ya kioo. Safari hii unga mwekundu ulimwishia, na dukani mjini haukuwepo.

"Si kuna betri za redio?" alisema mumewe, Masalu. "Bibi yangu alisiliba ukuta kwa unga wa betri miaka yote. Weusi wake haufutiki."

Malimi akaona ni akili. Akapasua betri kuukuu, akachota unga mweusi, akautia kwenye glezi, akachoma mabakuli kumi na mawili ya kwanza. Yalitoka meusi, yanameremeta, mazuri ajabu. Akamwita jirani yake aje ayaone.

Jirani huyo, Mama Akinyi, alifanya kazi miaka ishirini kwenye karakana ya vyombo vya udongo kule Musoma. Macho yake hayakukaa kwenye mabakuli. Yalikwenda kwenye maganda ya betri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Malimi, huo unga umeutia humu?"

"Ndiyo, mama. Si weusi tu?"

"Ndani ya betri mna madini mengi, na mengine ni sumu. Hujui ni yapi wala ni kiasi gani. Hata moshi wake si wa kuvuta. Ukuta haulambwi, mwanangu. Bakuli la uji linalambwa."

"Lakini yameshaiva!" alisema Masalu. "Nani atajua?"

"Mimi," alisema Malimi.

Machozi yalimtoka. Kisha akachukua nyundo, akayavunja yote kumi na mawili. Wengi wangeyapeleka wakanyamaza. Malimi apewe heko yake hapo.

Mama Akinyi akampeleka mlimani, nyuma ya nyumba. Wakachimba udongo mwekundu, ule unaochafua miguu wakati wa mvua.

"Wekundu huu ni chuma," alisema. "Ila si chuma kitupu. Ule unga wa dukani ulitia gramu ngapi?"

"Sita kwa kila mia."

"Huu kwa sita hautoshi. Lazima uzidishe. Na kwa kuwa sehemu kubwa yake ni udongo, punguza ule udongo mweupe. Usipopunguza, glezi haitayeyuka vizuri."

Wakaukausha, wakautwanga, wakauchekecha. Wakapima kwa mzani, si kwa kijiko. Mabakuli yakasubiri kwanza; walijaribu kwenye vigae vitatu vidogo, kwa gramu kumi, ishirini na thelathini. Malimi alikwangua namba nyuma ya kila kigae. Cha gramu kumi kilitoka kimepauka kama chai ya maziwa. Cha thelathini kilikwaruza kama msasa. Cha ishirini kilikuwa kahawia safi, laini, na Malimi akapiga kigelegele.

Wakakiwekea kipande cha ndimu kutwa nzima, waone kama ukali wake utaing'oa rangi. Rangi haikubadilika.

"Ndimu haioni kila sumu," alionya Mama Akinyi. "La kwanza ni kujua ulichotia."

Shule ilipofunguliwa, mabakuli arobaini ya kahawia yalikuwa mezani. Masalu ndiye aliyeyabeba, Malimi akifuatana naye. Binti mmoja mdogo alimaliza uji wake, akainua bakuli usoni, akalilamba mpaka chini kabisa.

Masalu alisimama akimtazama.

"Mama," alimwambia mkewe polepole, "mimi nilitaka tuwaletee yale meusi."

Malimi akamshika mkono. Binti akanyoosha bakuli tupu. Masalu akachukua upawa, akamwongezea uji yeye mwenyewe.