Gari Lililokunywa Mafuta ya Taa

Gla, gla, gla.

Chepchirchir aliisikia sauti hiyo kabla hajafumbua macho. Nje kulikuwa bado giza. Ilikuwa sauti ya mafuta yakitoka ndani ya debe, polepole, kama yanamwagwa na mtu asiyetaka kusikika. Alipapasa kitandani. Zeddy, binti yao mdogo, alikuwa amelala. Kiprugut, mume wake, hakuwapo.

Alitafuta koroboi, akawasha kiberiti. Utambi ulishika moto kidogo, ukazima. Koroboi ilikuwa kavu.

"Baba Zeddy!"

Sauti ya nje ilikoma.

"Baba Zeddy, unamwaga nini huko?"

"Lala, mama. Bado mapema."

"Nimeuliza unamwaga nini."

Halafu tena: gla, gla, gla.

Chepchirchir alijifunga shuka, akatoka. Kiprugut alikuwa ameinama kando ya gari, ameinua debe. Mafuta ya taa ya nyumbani yalikuwa yanaingia ndani ya tangi, juu ya petroli kidogo iliyobaki.

"Wewe! Hiyo ni mafuta ya taa yangu! Jana nimetoka darasa la jioni na kitabu. Sasa nitasoma na nini? Na meno?"

"Nitanunua ingine."

"Hata juzi ulisema hivyo. Na nani amekwambia gari inakunywa mafuta ya taa?"

Kiprugut alijinyoosha. Swali hilo alilipenda.

"Mimi nimeendesha trekta kwa mzungu kule Njoro kabla sijakuoa. Asubuhi tunawasha na petroli. Ikishika moto, tunageuza bomba, inakunywa mafuta ya taa mpaka jioni. Inalima shamba la ngano mpaka upande ule wa mlima. Kwani trekta ni nini, na gari ni nini? Zote ni chuma."

"Na mbuzi na simba zote ni nyama," Chepchirchir alisema, "lakini sijaona simba akila majani."

Alirudi ndani akapika uji gizani. Kwa hasira na giza, alitia chumvi mahali pa sukari. Zeddy alionja, akakunja uso.

"Kunywa tu," mama yake alisema. "Malalamiko peleka kwa baba yako."

Huo ulikuwa mwaka wa 1958, na familia hii iliishi Bondeni, mjini Nakuru. Gari lao lilikuwa la Kimarekani, kuukuu, refu kama nyumba. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao ndiye aliyewauzia. Kiprugut aliondoa viti vya nyuma, akapigilia mbao, likawa gari la kubeba mboga. Injini yake ilikuwa na silinda nane. Bondeni nzima ilijua habari hiyo, maana Kiprugut hakuacha kuitangaza.

"Silinda nane! Hata dereva wa DC hana!"

Silinda hizo nane zilikunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi waliofika mtoni. Kiprugut alipanda Molo kuchukua kabichi kwa wakulima, akateremka kuzipeleka shule ya bweni ya wasichana, Nakuru. Mara nyingi tangi lilikauka njiani. Hapo alitembea na debe kutafuta petroli, na kabichi zikabaki juani.

Mpishi mkuu wa shule hiyo aliitwa Hiram. Alikuwa mtu wa kengele. Kengele ya kuanza kupika chakula cha mchana ikilia kabla mboga hazijafika, alikuwa mkali kama pilipili.

"Juzi wasichana wamekula ugali mtupu kwa sababu yako," alimwambia Kiprugut. "Ukichelewa tena, kazi hii nampa mtu mwingine."

Chepchirchir alijua maana ya maneno hayo. Bila kazi ya shule, wasingeweza kukaa Bondeni. Kiprugut angerudi Njoro kwenye trekta, na wote wangelala kwenye kibanda cha shamba la mtu. Darasa la jioni lingekwisha. Na Zeddy, aliyekuwa aanze shule mwezi wa Januari, angeanzia wapi? Ndiyo maana asubuhi ile alipanda garini na mtoto wake.

"Unakuja kufanya nini?" Kiprugut aliuliza.

"Kuangalia. Macho yangu hayanywi petroli."

Gari liliwaka kwa shida. Lilitoa moshi mweupe mpaka majirani wakafunga madirisha. Kwenye mlima, kitu kilianza kugonga ndani ya injini. Ko-ko-ko-ko. Kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo.

"Hiyo ni nini?" Chepchirchir aliuliza.

"Nguvu," Kiprugut alijibu.

Molo walipakia kabichi. Wakati wa kurudi, kwenye kilima kidogo kabla ya Njoro, nguvu hiyo ilikwisha. Gari lilikohoa, likatetemeka, likazima. Kiprugut alifungua plagi za kuwashia moto. Zilikuwa nyeusi na zimelowa. Alizifuta kwa shati lake. Akajaribu tena, na tena. Jua lilianza kuwa kali. Majani ya nje ya kabichi yakaanza kulegea.

"Uliza trekta yako ya Njoro," Chepchirchir alisema. "Labda itakuja kutubeba."

"Mama Zeddy, tafadhali."

"Sijasema kitu. Nakaa tu hapa na nguvu yako."

Ikaja pikapu ndogo kutoka upande wa Elburgon. Aliyeiendesha alikuwa Owino, jirani yao wa Bondeni, fundi katika gereji moja ya mjini. Alikuwa ametoka kutengeneza pampu ya maji kwenye shamba. Alisimama, akashuka, akanusa.

"Jirani, mmepika nini humo ndani? Hii ni harufu ya koroboi."

"Muulize mwenye jiko," Chepchirchir alisema.

Owino aliangalia kabichi, kisha jua. "Maneno baadaye. Mboga kwanza."

Walihamisha kabichi haraka. Kiprugut alisema zile zote haziwezi kuingia katika kigari kile. Ziliingia zote. Waliliacha gari kubwa kando ya barabara, wakabanana wanne mbele. Pikapu iliondoka bila kelele.

"Hii ina silinda ngapi?" Chepchirchir aliuliza.

"Nne."

"Nne tu? Na imebeba mzigo wetu wote?"

"Shemeji, ukiwa na shamba dogo la vibarua wanne, utaita wanane?"

"Siwezi. Wote wanane watataka chakula."

"Basi. Silinda ni hivyo hivyo. Kila moja inakula, hata kazi ikiwa ndogo. Injini kubwa ni nzuri kwa mzigo mkubwa. Nyinyi mnabeba kabichi, na kwenda mnapanda mlima bila mzigo. Mnalisha vibarua wanne wa bure kila siku."

Kiprugut aliangalia nje ya dirisha. "Na ndogo zaidi ya hii je? Silinda mbili?"

"Hapana. Ndogo mno nayo ni hasara. Mlimani utaikanyaga mpaka mwisho, itaunguruma, itakunywa sana, na itachoka mapema. Injini ilingane na mzigo na njia."

"Sawa. Lakini mafuta ya taa? Trekta ilikunywa, mimi mwenyewe nilikuwa juu yake."

Owino hakumcheka. "Umesema kweli. Trekta ile ilitengenezwa hivyo. Ina mahali pa kuyapasha moto mafuta ya taa mpaka yawe mvuke. Halafu pistoni zake hazikandamizi sana hewa na mvuke huo kabla ya kuungua. Gari lako halina mahali hapo, na linakandamiza zaidi. Mafuta ya taa yanalipuka ovyo ndani. Umesikia kugonga?"

"Ko-ko-ko," alisema Zeddy.

"Hiyo ndiyo sauti ya injini ikipigwa. Na mafuta yasiyoungua yanateremka kwenye oili. Oili inakuwa nyepesi, chuma kinasaga chuma."

"Aliniambia ni nguvu," Chepchirchir alisema.

Kiprugut alikuna kichwa. "Basi nitaweka ile petroli ya bei ghali. Ile kali. Itaenda mbali zaidi."

"Haiendi mbali zaidi. Ile ni ya injini zinazokandamiza sana. Lako ni la zamani, linatosheka na petroli ya kawaida. Fuata alivyosema aliyeitengeneza injini. Wala usiendeshe na choki umeivuta, ile ya kuongeza petroli injini ikiwa baridi. Ikishapata moto, irudishe."

"Siku zote naiacha nje," Kiprugut alisema polepole.

Chepchirchir alifumba macho. "Mungu nipe moyo."

Walifika shuleni kengele ikiwa inalia. Hiram alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Aligusa kabichi moja, akaguna.

"Leo nachukua. Lakini Jumatatu nataka kukuona kabla ya kengele. Si pamoja nayo."

Jioni Owino alilivuta gari mpaka Bondeni. Alimwaga oili yake kwenye karai. Ilikuwa nyepesi kama chai ya maskini, na ilinuka mafuta ya taa. Kiprugut alichovya kidole, akasugua, akakifuta kwenye suruali. Owino alisafisha tangi, akatia oili mpya na petroli ya kawaida. Kugonga kulikoma.

"Limepona," Kiprugut alisema kwa furaha. "Hakuna haja ya kubadilisha."

Chepchirchir aliweka karai chini kwa kishindo. "Limepona kugonga. Halijapona kula! Petroli ya kwenda Molo na kurudi inatumaliza."

"Lakini watu wataniona nimeshuka. Kutoka silinda nane mpaka nne!"

"Watu wa Bondeni hawajui uso wako, Baba Zeddy. Wanakuona nyuma ya gari ukisukuma. Ingia ndani yake wakuone."

Owino aligeuka ili wasione anacheka. Kiprugut alijaribu kukasirika, akashindwa, akacheka pia.

Huko Elburgon kulikuwa na mpasua mbao aliyetafuta injini kubwa ya kuzungusha msumeno. Kazi ya kutwa, magogo mazito: hapo silinda nane zilipata kazi ya kutosha. Kiprugut alimweleza habari yote ya mafuta ya taa, bila kuficha. Yule mtu aliisikiliza injini, akakubali. Alikuwa na pikapu ya silinda nne aliyoiona ndogo kwa magogo. Wakabadilishana.

Jumatatu walipanda Molo usiku wa manane. Kiprugut alitia petroli ya kawaida. Injini ilipopata moto, alirudisha choki mwenyewe. Mlimani hakukuwa na kugonga. Walipakia, wakateremka Elburgon, wakapita Njoro. Chepchirchir aliangalia mshale wa petroli kila mara. Aliugonga kwa kidole, akidhani umekwama.

"Umekwama," alisema.

"Haujakwama, mama," Kiprugut alisema. "Petroli bado iko."

Waliingia katika uwanja wa shule alfajiri. Bweni lilikuwa kimya. Hakuna moshi uliotoka jikoni. Kiprugut alizima injini, akaweka kofia yake sawa, akangoja kuitwa. Hakuna aliyemwita.

Zeddy aliteremka, akapanda juu ya jiwe, akachungulia katika dirisha la chumba kilicho kando ya jiko. Kisha akawageukia wazazi wake.

"Mpishi bado amelala," alisema.