Maji Niliyoyameza

Saa kumi na mbili kasoro nilipanda kupima vigingi, kama kila jioni. Vilikuwa viwili, kimoja kila upande wa ufa uliotokea mlimani juu ya barabara, na kazi yangu ilikuwa kunyoosha futi kati yake na kuandika. Mimi ni Sifuna, nyapara wa barabara. Baba yangu alikata mkonge Voi, mimi nakata milima ya Wataita. Na tungeikata vizuri, nisingekuwa na la kusimulia.

Maporomoko yalikuwa yameikata barabara mwezi wa Novemba. Injinia Muinde akaja kuijenga upya na haraka zake. Miti iliyoshika udongo ikafyekwa. Kifusi, badala ya kupakiwa kwenye lori kipelekwe tambarare, kikamwagwa hapo hapo bondeni, juu ya chemchemi. Niliandika barua tatu kwamba maji yakizibwa huku yatatafuta njia kule. Alinijibu mara moja tu: "Sifuna, wewe ni nyapara ama ni profesa?"

Upande wa chini wa kifusi hicho ilikuwa nyumba ya Wakesho, mama aliyetupikia githeri ya mahindi na maharagwe kambini. Nilimwambia ahame na watoto wake wawili.

"Nihamie wapi?" akaniuliza. "Kwako?"



Jumatatu Mzee Mwandawiro, mzee wa kijiji, alituletea kibuyu cha maji. Kwa Wataita, mwenye hasira moyoni hujaza maji mdomoni, akayatema, akatamka heri. Desturi hiyo huiita kutasa. Hasira isiyotemwa, mzee alisema, hutafuta mahali pa kuangukia. Muinde alitema huku akicheka. Zamu yangu ilipofika nilimtazama mtu yule, nikafunga mdomo... nikameza.

Hakuna aliyeniona. Ndivyo nilivyodhani.

Jioni hiyo futi ilipita alama ya jana. Jana ufa ulikuwa vidole vitatu. Leo mkono wangu uliingia hadi kwenye kiwiko. Nilisikia harufu ya udongo uliolowa, na mvua hatukuwa tumeiona wiki tano. Kisha, kutoka ndani ya ufa...

Gulu. Gulu. Gulu.

Kama mtu anayekunywa maji kwa pupa.

Niliinua kichwa. Ng'ambo ya ufa alikuwa ameketi bibi kizee, matope hadi viwikoni, kibuyu mapajani. Njia ya kufika pale ni moja, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama juu yake.

"Uliyameza," alinong'ona.

"Wewe ni nani, nyanya?"

"Mlinifunikia mlango kwa kifusi chenu." Akaninyooshea kibuyu. "Tema. Yule mama wa chini ana watoto."

Nilijaza mdomo. Maji yalikuwa baridi, yana ladha ya mizizi. Nilitaka kuyatema, Mungu ni shahidi. Lakini chini yangu lori lilirudi nyuma, tii, tii, tii, likamwaga kifusi kingine bondeni. Nilikuwa nimelikataza asubuhi ile ile. Hasira ilinipanda kama maziwa jikoni, na koo likafanya kazi yake lenyewe.

Gulu.

Bibi alitikisa kichwa polepole. Nilipopepesa macho, palibaki kigingi tu.

Niliteremka mbio nikipiga kelele. Wakesho alitoka na mtoto mmoja mgongoni, mwingine nikambeba mimi. Hatukuwa tumeupita mgomba wa mwisho mlima ulipoachia. Nyumba, jiko, mbuzi wake watatu... vyote vilifunikwa kabla sijageuka.

Asubuhi Muinde aliandika kwenye ripoti kwamba sababu ni mvua.

"Mvua gani?" nikamuuliza.

"Weka sahihi, Sifuna."

Malori yakaanza kumwaga tena. Nusu ya juu ya mlima ilikuwa bado imesimama na ufa wake, na chini yake ni kambi yetu sisi.

Mzee Mwandawiro alirudi na kibuyu. Safari hii nilianza mimi. Niliungama mbele ya watu wote kwamba nilimeza, kisha nikatema hadi tone la mwisho. Muinde naye akatema. Hakucheka.

Kibuyu kikamfikia Wakesho. Alijaza mdomo. Akamtazama Muinde. Akanitazama mimi, kwa muda mrefu zaidi.

Tulimsubiri ateme.

Koo lake likapanda, likashuka. Akamrudishia mzee kibuyu kwa mikono miwili, akasema asante.