Mchumba wa Zamu ya Usiku

Kichwa cha mwanamume asiyemfahamu kilimwangukia Zubeda begani wakati ndiyo kwanza anainua kikombe cha chai.

Ilikuwa asubuhi na soko la Temeke Sterio lilikwisha kujaa. Wachukuzi walikuwa wakipiga kelele wapishwe njia, magunia ya viazi yanashushwa, mama ntilie anageuza maandazi huku anagombana na jirani yake juu ya moshi. Zubeda alikuwa amekaa kwenye benchi la mama ntilie huyo, na sketi yake ya bluu ya kazini, blauzi nyeupe aliyoipiga pasi ya mkaa alfajiri, na viatu vya mtumba vilivyokuwa vikimbana vidole. Aligeuka aseme neno kali. Akaona nyusi zenye unga, kope zenye unga, na mdomo ulioachama kama wa mtoto. Bwana yule alikuwa amelala usingizi wa kweli, andazi bado liko mkononi.

Zubeda hakusogea. Naye alikuwa amechoka, na aliujua uchovu alipouona.

"Dada, mwamshe huyo," mama ntilie alisema. "Kila siku ananilalia hapa hapa. Anatoka zamu ya usiku, kiwanda cha mikate kule Chang'ombe."

"Mwache amalize."

"Amalize nini?"

"Anachoota."

Labda ni kicheko cha mama ntilie kilichomzindua. Alishtuka, akajifuta mdomo, akamtazama Zubeda, halafu akalitazama bega lake.

"Samahani sana, sista. Nimekuegemea?"

"Umeniegemea, umenikoromea, na sasa umenipaka unga. Nikifika ofisini nitasema nini?"

"Sema ulikuwa unapika."

"Na blauzi hii?"

"Basi sema umepata mchumba mwoka mikate."

Zubeda alicheka. Haikuwa kawaida yake kucheka asubuhi. Akajipangusa bega, akamwambia jina lake, na alipoinuka kwenda kazini alikuwa amekwisha kumtajia na namba ya simu ya ofisi, ingawa hakukumbuka sawasawa aliombwa saa ngapi.

Alikuwa opereta wa simu katika shirika moja la umma la usafirishaji, Barabara ya Pugu. Kutwa alikaa mbele ya swichibodi, anachomeka na kuchomoa, anaunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Alikuwa na miaka ishirini na minane. Mama yake alikwisha kufariki, na nyumbani Tandika walikuwamo baba yake, Mzee Salumu, na wadogo zake watatu wanaosoma. Kabla ya kazi alichota maji na kupika, baada ya kazi akapika tena na kufua. Usiku alikuwa anaanguka kitandani kama nguo iliyodondoka kutoka kwenye kamba.

Yule bwana aliitwa Mfaume. Alikaa Mwananyamala, kwenye nyumba ya kupanga, pamoja na kaka yake Mashaka, dereva wa lori, na mke wa kaka yake. Tangu siku ile Mfaume akawa anawahi kazini mapema, wenzake hawajafika, ili apige simu ya msimamizi kabla Zubeda hajatoka ofisini.

"Swichibodi, habari za jioni."

"Naomba kuzungumza na meneja mkuu."

"Meneja yuko kikaoni."

"Basi nipe yule mzuri anayepokea simu."

"Huyo amechoka, hataki kusumbuliwa."

"Mwambie aliyemchosha nitamkanda kama unga."

"Mfaume! Mtu akiingia laini hii atatusikia!"

"Asikie tu. Umekula, laazizi?"

Hilo ndilo lililomshinda Zubeda. Hakuna aliyekuwa akimuuliza kama amekula. Yeye ndiye aliyekuwa akiwauliza wengine.

Walionana Jumapili, kwa sababu siku nyingine Zubeda alipotoka kazini Mfaume ndiyo anaingia. Mara moja walikwenda sinema mjini. Zubeda alivaa gauni la maua na ushungi wa zambarau, Mfaume akavaa shati la mikono mirefu lililokuwa na mistari ya pasi mpaka kwenye kola. Taa zilipozimwa wakalala wote wawili, na mlinzi ndiye aliyekuja kuwaamsha watu wamekwisha kutoka.

"Filamu ilikuwaje?" Mfaume aliuliza huko nje, anapikicha macho.

"Nzuri mno. Mie nimeipenda sehemu ya giza."

Wakacheka mpaka watu wakawatazama. Halafu Mfaume akasema, "Zubeda, nimechoka kukuona kwa saa mbili mbili. Jumapili ijayo nakuja kwenu na mjomba wangu, kujitambulisha kwa mzee."

"Kweli?"

"Kweli. Mjomba yuko Bunju, nitamfuata asubuhi, tutafika baada ya adhuhuri."

Jumapili hiyo nyumba ya Mzee Salumu ilinukia pilau tangu asubuhi. Mikeka mipya ilitandikwa ukumbini, juisi ya ukwaju ikapozwa kwenye mtungi, mashangazi wawili wakaja wamejifukiza udi. Zubeda alipakwa hina, akakaa chumbani anasikiliza mlango. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Mashangazi wakala pilau lao kimya kimya, wakaaga kwa sauti ya chini kama wanaotoka msibani. Ilipoadhiniwa magharibi Mzee Salumu alisimama mlangoni pa chumba.

"Mwambie mdogo wako aondoe mikeka," alisema.

Kesho yake jioni, kabla ya kutoka ofisini, Zubeda alipiga simu kiwandani. Aliyepokea aliitwa Albano, mtu wa Masasi, mcheshi, anayefanya kazi zamu moja na Mfaume.

"Mfaume hajaingia, dada. Yuko hospitali tangu jana. Mkewe kajifungua! Mtoto wa kiume, tumepata habari sasa hivi."

Zubeda alirudisha mkono wa simu mahali pake taratibu. Miaka aliyokaa kwenye swichibodi ile alikuwa amesikia mengi. Alisikia waume wakiwaambia wake zao wako kikaoni na huku nyuma muziki unapiga. Alisikia mabwana wakiapa kwa mama zao kwamba hawana watoto. Ndiyo maana hakujiuliza mara mbili. Aliona ni jambo lile lile, ila safari hii limemfika yeye.

Siku iliyofuata taa ya laini ya nje iliwaka saa ile ile ya jioni.

"Zubeda, ni mie. Sikiliza, juzi..."

"Subiri nikuunganishe."

Akamuunganisha na stoo, ambako hapakuwa na mtu wa kupokea. Mfaume akapiga tena.

"Zubeda, tafadhali..."

"Laini unayoitaka inatumika."

"Inatumiwa na nani?"

"Na watu wasio na wake," alisema Zubeda, akachomoa.

Ikawa hivyo kwa wiki nzima, na wiki nyingine. Alipofika nyumbani alipika ugali ukawa na mabonge, wadogo zake wakaula hivyo hivyo.

Kipindi hicho ndipo Mudathir alipoanza kuja. Alikuwa mgane wa makamo, ana duka la vipuri Kariakoo na pikapu nyeupe, mtu mpole, asiye na makuu. Alimsalimia Mzee Salumu kwa heshima, akakaa kivulini ugani, akazungumza na Zubeda bila kumzungukazunguka.

"Mie si kijana, mama, na sitakudanganya kwa maneno matamu. Lakini kwangu kuna maji bombani na msichana wa kazi. Asubuhi utalala mpaka utakapoamka mwenyewe."

Zubeda alitazama chini. Katika yote aliyopata kuambiwa na wanaume, hakuna lililowahi kumwingia kama hilo. Kulala mpaka uamke mwenyewe! Alimwona Mudathir kama mtu aliyechoka anavyokiona kitanda.

"Nipe mpaka Jumapili," alimwambia.

Alhamisi ya wiki hiyo shirika likawaita wafanyakazi uani. Mashirika mengi wakati ule yalikuwa yanauzwa, na lao lilikwisha kupata mnunuzi, ambaye angeleta mtambo wa simu unaojiunganisha wenyewe. Maopereta wangeondoka Ijumaa. Wengine walilia. Zubeda alirudi kwenye kiti chake, akakaa, akaona hata kulia kunahitaji nguvu ambazo hana.

Ijumaa jioni, anakusanya kikombe chake na kanga aliyokuwa akijifunika miguuni kwa ajili ya kiyoyozi, taa ikawaka.

"Swichibodi."

"Usinikatie. Nakuomba."

"Sema upesi. Leo ndiyo mwisho wangu hapa, wametupunguza."

"Pole, mpenzi. Pole sana. Umekula?"

Zubeda alifumba macho. "Usiniulize hivyo. Kamuulize mkeo."

"Sina mke, Zubeda! Yule ni shemeji yangu, Farida. Mke wa Mashaka. Nilikuwa ndiyo natoka kwenda Bunju kumchukua mjomba, uchungu ukamshika, damu zikamtoka vibaya, kaka hayupo..."

"Wote mnakuwaga na shemeji," Zubeda alisema. "Miaka yote nawasikia hapa."

"Njoo uone, basi. Mwananyamala, nyuma ya msikiti, uliza kwa Mashaka dereva. Njoo uulize mtu yeyote."

Zubeda alichomoa waya kwa mara ya mwisho, akazima taa ya meza.

Jumamosi asubuhi aliamka kwa mazoea, akachota maji, akapika uji, kisha akakumbuka hana pa kwenda. Alikaa kizingitini. Aliwaza kwamba kama Mfaume ni mwongo, basi amwone huyo mke kwa macho yake, apoe, amkubali Mudathir na akalale. Akajitanda kanga, akaenda.

Nyumba hakuipata kwa shida. Uani palikuwa na kamba nne za nguo za mtoto, na mwanamke mwembamba, uso umepauka, amekaa kwenye kigoda ananyonyesha. Alimtazama Zubeda kuanzia viatu hadi kanga ya kichwani.

"Wewe ndiye Zubeda," alisema. "Mie nilidhani mrefu."

"Na wewe ndiye Farida?"

"Ndiye mie. Kaa, dada, usisimame juani."

Zubeda akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Farida hakungoja kuulizwa.

"Mashaka yuko njia ya Tunduru, mvua hizi zimemkwamisha kwenye tope, hata mwanawe hajamwona. Siku ile nilikuwa nakufa. Mfaume alishavaa kanzu yake ya kuja kwenu. Akanibeba nayo mpaka barabarani. Hospitali wakataka damu, akatoa yake. Wakauliza mume yuko wapi, akasema andikeni mimi, lakini mhudumieni. Mjomba wake alikaa Bunju kutwa amevaa koti, anamngoja. Na ile kanzu nimeifua mara tatu, haijatakata."

Zubeda alizitazama nguo za mtoto kwenye kamba.

"Mbona hakuja nyumbani kuniambia?"

"Kaja mara mbili wewe uko kazini. Mzee wako kamfukuza. Hakukwambia?"

"Hakuniambia." Zubeda alimfikiria baba yake akiondolewa mikeka mbele yake, na hakuweza kumkasirikia vizuri. "Yuko wapi Mfaume?"

"Kalala. Kaingia asubuhi hii. Nenda, mlango uko wazi."

Hakuingia. Alisimama mlangoni, akaita mara moja tu, kwa sauti ya kazini: "Mfaume."

Mfaume alitoka amefunga msuli, fulana imegeuzwa nje ndani, unga bado uko nyuma ya masikio. Alikuwa amekonda. Alimtazama kwa muda kama mtu asiyeamini kwamba ameamka.

"Umekuja."

"Nimekuja kumwona mkeo."

"Umemwona?"

"Nimemwona. Kaniambia mie mfupi." Machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga kwa hasira. "Nisamehe. Nilisikiliza simu kuliko nilivyokusikiliza wewe."

"Albano nimemgombeza mpaka kalia. Zubeda, nimesikia habari za yule bwana wa Kariakoo. Ni mtu mzuri. Mie bado niko zamu ya usiku, nyumba ndiyo hii unayoiona. Siwezi kukwambia utapumzika."

"Sijakuuliza hilo."

"Nakuuliza mie, basi. Utaolewa na mimi hivi hivi nilivyo?"

Farida pale kwenye kigoda aliacha kumbembeleza mtoto ili asikie.

"Nitaolewa," Zubeda alisema. "Mudathir nitamwambia mwenyewe kesho, hakunikosea chochote. Na baba nitamwambia leo."

"Twende sasa hivi." Mfaume akageuka atafute shati, akajigonga kwenye fremu ya mlango, akashika ukuta.

"Hata kusimama huwezi! Utaenda kumlalia mzee begani? Lala kwanza. Njoo kesho na mjomba, muda ule ule."

"Nikilala utaondoka."

"Siondoki."

"Apa."

"Mfaume, lala."

Akalala. Kutoka chumbani alisikika akikoroma kabla hata kitanda hakijaacha kulia. Farida akaingia kumlaza mtoto. Zubeda alikaa pale mlangoni, akavua viatu vyake, akanyoosha miguu kwenye sakafu ya baridi, akaegemeza kichwa ukutani. Uani palikuwa kimya, isipokuwa redio ya mwenye nyumba, iliyokuwa ikitoa taarifa ya habari kwa sauti ya juu.

Baadaye mwenye nyumba mwenyewe alitokea, bibi mnene mwenye funguo kiunoni. Zubeda akaketi vizuri.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We binti, humu ndani una nani?"

"Mume wangu, bibi. Kalala. Naomba unipunguzie redio."

Bibi alimtazama, akautazama mlango, akarudi ndani. Redio ikanyamaza.