Chupa Sita za Udongo

Saa 4:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji. Nahodha, mkuu wa genge, alichora maabara kwa chaki sakafuni. Kazi ya mchana kweupe: chupa sita za udongo zitoke kwenye friji, sita nyingine za udongo safi ziingie. Petroli ilikuwa imevuja ardhini, na wenye bohari la mafuta hawakutaka kipimo kiseme hivyo mahakamani.

Koleo ndiye aliyetegemewa. Aliwahi kupima udongo pale kabla hajafukuzwa kwa udokozi. Saa ya chakula aliichagua mwenyewe, ili dada yake, mpimaji pale, asimwone. Akauliza udongo umetoka wapi. Nahodha akasema ni mahame, hata paka hakai.

"Tangu lini mwizi akauliza anwani?" Dereva akamtania.

Saa 7:05 mchana.

Koleo akaingia na koti lake jeupe la zamani. Mlinzi mpya alisalimu koti, hakutazama sura. Dakika tatu, kazi imekwisha.

Saa 7:14.

Garini Nahodha akampa wembe akate tepe zenye mihuri. Chupa isiyo na mhuri haipokelewi, hata ikirudishwa na malaika. Koleo akakata zote sita. Ndipo akaiona fomu chini ya barafu, ndani ya boksi la chupa.

Mahali: kisima cha Mama Cherehani.

Mama yake. Miaka mitano hajakanyaga pale. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Leo nguo ilikuwa ya mama, na mlaji ni yeye.

"Ulijua," alisema.

"Ningekwambia, ungekuja?" Nahodha akajibu.

Gari lilipopunguza mwendo kwenye tuta, Koleo akaruka nje na boksi. Risasi ikampata begani. Hakuliachia.

Saa 7:40.

Alirudi maabara, akawaeleza dada yake na walinzi yote, asijitetee. Walinzi wakamshika. Dada yake alitazama damu, kisha mihuri iliyokatwa.

"Pima, dada. Nakuomba."

"Nipime nini? Mahakama iliruhusu kuchimba mara moja tu. Jana wenye bohari wamepamwagia zege pale tulipochimba, kando ya kisima."

Akafungua chupa moja. Harufu ya petroli ikajaa chumba. Walinzi wakaziba pua. Yeye akaandika kwenye fomu: Haukupimwa.

"Ungekuja nyumbani hata siku moja, kaka, ungeisikia harufu hii kwenye chai."

Sasa dada alikuwa amelikandamiza koti lake begani kwa nduguye, kwa mikono miwili, akilia bila sauti.

Koleo akauliza kama mama bado anachota pale.

"Achote wapi kwingine?"