Ukurasa wa Sitini, Faili la Viwanja

Ngazi za masijala asubuhi hiyo zilijaa watu wa foleni. Binti wa gauni la njano alishuka mbio na boksi la mafaili, kijana wa shati la bluu akapanda na makopo ya mikrofilamu. Pu! Makopo yakabingirika mpaka chini.

"Dada, moto unawaka wapi?"

"Nina kazi, kaka. Wewe unayetambaa, hamia pembeni."

Kijana akacheka. Basi, kwisha habari yake.

Binti walimwita Chapchap. Kwa kuskani karatasi kuukuu hakuwa na mpinzani, maana hakusoma hata neno. Alitazama kingo tu zisikatwe. Kijana, Fundi Filamu, alihamishia kwenye kompyuta picha za nyaraka zilizo kwenye mikrofilamu, chumba cha pili. Chai ikawa ya pamoja, na jioni simu.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika, na nimeshakukumbuka."

Miezi minane hivyo. Lakini neno la ndoa lilimkwama Fundi kooni, akaamua kuliandika. Barua akaiweka mezani kwa Chapchap, juu ya faili la viwanja aliloliacha jana kwenye ukurasa wa hamsini na tisa. Jamani, fundi mzima! Chapchap alifika, akaiskani pamoja na mengine, na karatasi zote zikapelekwa kwenye mashine ya kusaga.

Wiki ikapita bila jibu. "Kama hataki si aseme?" Fundi akanuna, simu hapokei, akaomba uhamisho wa kwenda mji mwingine. Chapchap alilia kwa dada yake: "Nimemkosea nini mimi?"

Siku ya mwisho ya Fundi, simu ya mezani kwa Chapchap ikalia. Alikuwa mama mkaguzi, anayepitia kila ukurasa ulioskaniwa.

"Mwanangu, fungua faili la viwanja, ukurasa wa sitini. Kuna mtu anataka kukuoa."

Chapchap akafungua. *Nakupenda, nimeshindwa kusema mdomoni. Utakubali nikuoe?* Machozi yakamtoka. Akakimbilia chumba cha pili, akamkuta Fundi anafunga boksi lake kwa utepe wa gundi.

"Umeninunia kwa barua ambayo sijaisoma!"

"Niliiweka mbele ya macho yako!"

"Kwenye rundo la kuskani! Ungeniwekea hata kwenye pochi, mwanaume wewe!"

Fundi akauweka utepe chini. Kisha, kwa sauti ndogo: "Sasa umeisoma?"

"Nimeisoma mara tano. Ndiyo."

"Ndiyo umeisoma?"

"Ndiyo nakubali! Nenda kafute huo uhamisho kabla bosi hajatoka."

Akatoka mbio. Hatua kumi, akarudi mlangoni akihema.

"Hebu sema tena."

"Ndiyo, mume wangu. Haya, nenda!"