Nyumba Nane, Dari Moja

Jumamosi hiyo nilipita Ziwani saa nane mchana kumpelekea shangazi yangu Truphena samaki wa omena. Anakaa katikati ya safu ya nyumba nane zilizoshikana kuta, paa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzungu aliyezichora, wazee husema, alinakili nyumba za ufuoni kwao Uingereza: milango ya tao, madirisha yaliyojitokeza kutazama bahari. Hapa yanatazama kamba za nguo.

Shangazi alinifungulia akiwa amepinda mgongo. Mgongo ulikuwa ukimuuma kwa mwezi wa tatu sasa, na hospitali hawakuona kitu.

"Ni kama nimebeba gunia," alisema. "Hata nikilala."

Dari ya chokaa ilikuwa ikilia juu yetu, nikapanda kuangalia. Huko juu ya dari hakuna ukuta kati ya nyumba na nyumba; ukiingilia kwa shangazi unaweza kutambaa hadi nyumba ya mwisho. Boriti kuu ilikuwa imepasuka. Chini ya ufa, mahali pa nguzo, palisimama mwanamke wa mbao. Amepinda. Boriti iko mabegani. Uso ni wa shangazi.

Kiunoni kafungwa leso yake ya harusi. Leso hiyo hukaa sandukuni. Ufunguo anao yeye na mumewe tu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Niliposhuka, mumewe Ochola alikuwa mlangoni na jirani yao Kiilu, mchonga vinyago.

"Anko, kile ni nini?"

Alinong'ona. "Landlord alikataa kurekebisha. Tukakaa kikao, nyumba zote. Kiilu akasema paa linataka mtu wa kulibeba."

"Ukamtoa mke wako?"

"Wengine wana watoto wadogo."

Nilimheshimu yule mtu kama baba yangu. Na hao majirani ndio waliokuwa wakimletea shangazi uji, wakimpa pole!

Shangazi alikuwa amesikia yote. "Ungeniomba, Ochola," alisema. Hakulia.

Nikageuka kupanda tena.

"Usiguse hiyo kitu, bana," Kiilu akanong'ona.

Niliking'oa. Boriti haikusogea. Chini nilimsikia shangazi akishusha pumzi ndefu. Alikuwa amenyooka. Jioni hiyo nilimhamishia kwangu Njiru.

Miezi miwili imepita. Kule Ziwani hakuna aliyeweka nguzo, na paa halijaanguka. Shangazi anatembea wima, anapika, anaimba kanisani. Ila kila asubuhi nampangusa vumbi la chokaa mabegani. Nyumba yangu ni ya mabati matupu, haina dari wala chokaa.

Haniulizi linatoka wapi. Anageuka tu, nipanguse na upande wa pili.